Nyota Aliyoingoja Baba

Baba alikuwa akisema ile nyota itarudi. Alilisema hilo hasa mwezi wa Oktoba, upepo wa Endulen unapokausha midomo na ng'ombe wanaporudi bomani na vumbi hadi kwenye kope. Wakati huo kila mtu hutazama mbingu akitafuta wingu la kwanza la vuli. Yeye alitafuta wingu na nyota pamoja. Aliiona akiwa mtoto wa kuchunga ndama, alfajiri, jua halijatoka: kichwa kiko chini, karibu kugusa milima, na mkia umesimama juu yake, mrefu, mweupe, kama moshi wa boma asubuhi isiyo na upepo. Waliiona siku kadhaa mfululizo, kila siku imefifia kuliko jana, na siku moja hawakuiona tena. Mzee mmoja akamwambia imekwenda malishoni, itarudi. Baba aliishika kauli hiyo kwa karibu miaka 60.

Alifariki Aprili 2024, masika yakiwa yamekolea. Kwetu jina la marehemu halitajwi ovyo, kwa hiyo sitaliandika.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, Karatu. Siku nyingi kabla hajaugua nilikuwa nimekwisha kuijua nyota yake ni ipi. Haikuwa kazi kubwa. Baba hakuwa na mwaka, lakini alikuwa na alama: rika la Seuri walikuwa bado morani, yeye mwenyewe hajatahiriwa, vuli ilikuwa bado haijashika, na nyota ilikaa mashariki kabla ya mapambazuko. Kometi ya Bennett ya mwaka 1970 ilikuwa kubwa na nzuri, lakini ilionekana Machi na Aprili, na wakati huo Baba alikwisha kuwa kijana. Iliyobaki ni moja tu, Ikeya-Seki, iliyogunduliwa Septemba 18, 1965 na Wajapani wawili, Kaoru Ikeya na Tsutomu Seki, bila mmoja kujua kwamba mwenzake naye anaitazama. Oktoba 21 ilipita kando ya jua, kama kilomita 450,000 tu kutoka kwenye uso wake, umbali unaozidi kidogo ule ulio kati yetu na mwezi. Ilipojitokeza upande wa pili ilionekana alfajiri, na miongoni mwa waliosimama kuitazama alikuwa mvulana mmoja wa Endulen, amejifunika shuka, yuko mlangoni mwa zizi la ndama.

Wengi huiita nyota ya namna hii kimondo, na hapo wanakosea. Kimondo ni kile kinachoungua hewani au kuanguka chini, kama lile jiwe la chuma lililolala Mbozi. Kometi haianguki. Ni donge la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka jua kwa njia ndefu iliyobonyezwa ubavuni, na sehemu kubwa ya maisha yake hukaa mbali, gizani, haina mkia wala mtu wa kuiona. Mkia huja jua linapoipasha barafu ikageuka mvuke. Na mkia huo haufuati mwendo kama vumbi linavyofuata gari; unalikimbia jua. Ndiyo maana kometi inapoondoka, mkia hutangulia. Nyota aliyoiona Baba ilikuwa inaondoka kinyumenyume, kama mgeni mwenye adabu asiyetaka kumpa mwenyeji mgongo.

Mwaka 2019, tukiwa tumekaa nje ya boma, aliniuliza waziwazi: "Mwanangu, wewe umesoma. Ile nyota itarudi lini?"

Nikamjibu, "Itarudi, Baba."

Kama angani kusingekuwa na kitu kingine ila jua na kometi moja ya jiwe kavu, jibu langu lingekuwa kamili. Jua lina nguvu kubwa ya mvutano, lakini ni mdai mwaminifu: mbio zote linazoipa kometi ikishuka, huzidai ikipanda. Mtazame kijana wa bodaboda anayezima injini kushuka bondeni. Kasi aliyoipata mteremkoni ndiyo inayompandisha upande wa pili, na kama kusingekuwa na breki wala upepo, angefika juu sawasawa na alikoanzia. Nilipoielewa hesabu hii chuoni nilishangaa. Nilidhani kitu kikubwa kama jua ndicho kingepindisha njia. Kumbe kinachopindisha kiko kwingine.

Kiko, kwa mfano, kwa Mshtarii, sayari yenye uzito unaozidi wa sayari nyingine zote za jua hili ukizijumlisha. Februari 1959 kometi moja ilipita karibu nayo. Hazikugusana. Ilivutwa tu, na uvutano huo ukatosha. Kabla ya hapo, mahali ilipolikaribia jua kuliko pote palikuwa kama kilomita milioni 400 kutoka kwenye jua. Baada ya hapo pakawa kama milioni 190. Miaka kumi baadaye, 1969, Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko wakaigundua kwenye picha, kwa sababu sasa ilikuwa inapita mahali pa kuonekana. Ndiyo ile ambayo chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta kiliifikia mwaka 2014, na watu wengi wanaijua kwa majina ya hao wawili.

Mwaka huo huo wa 1959 Baba alihamishwa kutoka Moru. Alikuwa na kama miaka mitano. Wamaasai wa Serengeti waliondoka katika hifadhi ya taifa na kuja Ngorongoro, eneo jipya lililotengwa ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kumbukumbu yake ilikuwa ya mtoto: punda, ngozi zilizofungwa, vibuyu vya maziwa vikigongana njia nzima. Na alimkumbuka mama yake, koko wangu, akigeuka mara moja kuyatazama mawe makubwa ya Moru, yale yenye michoro ya ngao ambayo morani waliichora na ipo hadi leo. Aligeuka mara moja, hakugeuka tena. Najua sayari si serikali na kometi si ukoo. Hata hivyo kila nikiisoma tarehe ya kometi ile namwona koko akigeuka.

Mshtarii, lakini, ni habari ya nje: mkubwa kapita, mdogo kavutwa. Iko habari nyingine ambayo ni ya ndani ya kometi yenyewe, na hiyo ndiyo niliyotembea nayo kichwani miezi yote baada ya mazishi.

Mwaka 1819 Mjerumani Johann Encke alihesabu njia ya kometi ndogo inayorudi kila baada ya miaka mitatu na ushei. Alipoendelea kuifuatilia, akitoa katika hesabu mvuto wa sayari alizozijua, bado kometi ilifika mapema, kama saa mbili na nusu kila mzunguko. Encke alidhani angani mna kitu chepesi kinachoikwamisha na kuifupishia njia. Lakini kometi ya Halley, ukiihesabu vivyo hivyo, huchelewa, kama siku nne kila inapozunguka. Kitu kimoja kilichotanda angani hakiwezi kumwahisha huyu na kumchelewesha yule. Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka mia moja, hadi 1950, Mmarekani Fred Whipple alipoliweka sawa: kometi hujisukuma yenyewe. Upande unaopigwa na jua hufoka mvuke, na mvuke ukitoka huku, mwili husukumwa kule, kama puto lililoachiwa mdomo wazi.

Sehemu inayofuata wachungaji wa Endulen wangeielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Joto kali la mchana haliji saa sita, jua likiwa utosini. Linakuja saa nane, ardhi ikiwa imekwisha kushiba. Kometi nayo hujizungusha, na upande unaofoka zaidi si ule unaolitazama jua uso kwa uso. Ni ule uliokwisha kupita adhuhuri yake kidogo. Kwa hiyo msukumo hauendi moja kwa moja kinyume cha jua, unakwenda upandeupande. Kometi ikijizungusha huku, msukumo unaongeza mwendo wake, njia inarefuka, inachelewa kurudi. Ikijizungusha kule, mwendo unapungua, njia inafupika, inawahi.

Halley kila inapopita huacha tabaka la mwili wake, mita kadhaa, lisilorudi kamwe. Tabaka hilo linapong'oka ndilo linaloisukuma. Kinachoigeuza njia ya kometi pale kwenye jua, basi, ni kile inachopoteza. Nilikuwa nimelifundisha jambo hili miaka mingi, nikalichora ubaoni kwa mishale, na sikuwahi kulisikia.

Mdogo wangu alijiandikisha kuhama wiki tatu baada ya mazishi. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikiondoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali inasema ni kuhama kwa hiari. Wengi Endulen hawakubali, na maneno hayo yanasemwa bado, mchana na usiku. Kwa mdogo wangu sababu ilikuwa ndogo kuliko siasa. Hakuweza kuingia bomani akaona kigoda cha Baba hakina mtu. Mimi kigoda hicho hicho kilinishika. Nilikuwa nikija Jumamosi na kurudi Karatu Jumapili mchana. Nikaanza kurudi Jumatatu alfajiri, kisha Jumanne, kisha nikaomba likizo. Nikawa nafika darasani nimechelewa kwa kila kitu, hata kwa maneno yangu mwenyewe.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia kwenye simu kwamba amemkimbia Baba angali na udongo mbichi. Akanyamaza, kisha akasema, "Na wewe, Dada, umekwama." Tukakaa wiki nyingi hatupigiani.

Msiba ulikuwa mmoja na joto lake moja. Yeye aliwahi, mimi nikachelewa. Siku moja, nikisahihisha mtihani, nilifika kwenye swali la Encke na Halley nililolitunga mwenyewe, nikaweka kalamu chini. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba upande wa msukumo hutegemea jinsi kometi ilivyokuwa ikijizungusha kabla haijafika kwenye jua. Nilimpa alama zote, nikatoka nje ya chumba cha walimu nikalia.

Bado sijasema nilichomficha Baba. Ikeya-Seki haikupindishwa tu. Ilivunjika. Ilipopita pale kandokando ya jua ilipasuka, na wanaastronomia wakahesabu njia za vipande viwili: kimoja kitarudi baada ya kama miaka 880, kingine baada ya zaidi ya miaka 1,000. Haikuwa ya kwanza. Septemba 1882 kometi nyingine ilipita karibu hivyo hivyo, ikang'aa hadi kuonekana mchana, kisha kichwa chake kikagawanyika, na vipande vinne vikahesabiwa, vya kurudi baada ya miaka inayoanzia kama 670 hadi 960. Na hizo mbili, ya 1882 na ya Baba, zinadhaniwa kuwa zenyewe ni vipande vya kometi moja ya kale iliyovunjika hapo hapo kwenye jua, karne nyingi zilizopita. Vikiachana karibu na jua, tofauti ndogo sana ya mwendo inatosha. Huko mbali tofauti hiyo inakuwa karne.

Kwa hiyo nilipomwambia "Itarudi, Baba," sikusema uongo. Nilimnyima ukubwa wa jambo. Kile kitu kizima alichokiona mashariki kilikuwa kimekwisha kuvunjika alfajiri zile zile alizokuwa akikitazama, na hakuna mtu, si yeye, si mimi, si wajukuu wa wajukuu zetu, atakayekiona kikiwa kimoja. Niliona huruma. Leo najiuliza huruma ile ilikuwa ya nani. Mtu aliyehamishwa Moru akiwa na miaka mitano, aliyezika watoto wawili, aliyekaa kando ya ng'ombe wake wakati wa ukame akiwaona wanashindwa kusimama mmoja baada ya mwingine, ni kitu gani angeshindwa kukibeba? Alikuwa ameniuliza swali la mtu mzima. Nilimjibu kama mtoto.

Si mbali na boma letu iko Laetoli. Baba alikuwa akipapita mara nyingi akifuata nyayo za ndama aliyepotea. Ni hapo ambapo mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilizikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita, wakielekea kaskazini, mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Nyayo zimefukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo ukifika leo huzioni. Unaona udongo na mawe yaliyowekwa kwa uangalifu. Sehemu iliyofunuliwa ilikuwa na urefu wa kama mita 27. Mita 27 za maisha yote ya mtu! Walikotoka hakujulikani na walikoishia hakujulikani. Wanaastronomia nao hufanya kazi na kipande kama hicho: kometi ya miaka 1,000 huonekana miezi michache, na kutokana na miezi hiyo wanaihesabu safari nzima. Nami katika maisha ya Baba ninacho kipande changu. Moru sikuiona. Alfajiri ya 1965 sikuwepo. Nilikuwepo 2019, nikaulizwa, nikakipoteza kipande hicho kwa maneno mawili.

Oktoba 2024, miezi sita baada ya mazishi, ikaja nyingine. Iliitwa Tsuchinshan-ATLAS, kwa majina ya kituo cha China na mradi wa darubini ulioigundua mwaka 2023 kutokea Afrika Kusini. Septemba 27 ilikuwa imelipita jua, na Oktoba 12 ikawa karibu nasi kuliko wakati mwingine wote, kama kilomita milioni 70. Sikwenda kuitazama Karatu, kwenye taa. Nilipanda Endulen. Jua lilipozama nilisimama nyuma ya zizi, nimejifunika shuka ya Baba, nikangoja.

Ya kwanza kutoka ilikuwa Zuhura, chini, magharibi. Wamaasai huiita Kileken. Tololwa Mollel aliisimulia hadithi yake katika kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1990: nyota iliyoshuka ikawa mtoto yatima, ikakaa na mzee asiye na mwana, ikamchungia ng'ombe katika ukame, kisha ikarudi juu siku mzee aliposhindwa kuvumilia asijue siri yake. Nilikuwa nikiisoma kama hadithi ya mzee. Jioni ile niliisikia kwa upande wa mtoto aliyekuwa na siri.

Giza lilipozidi, mkia ukaonekana juu ya Kileken, upande wa kulia, hafifu mwanzoni, kisha dhahiri kabisa. Nilitoa simu nikampigia mdogo wangu Msomera. Nilidhani hatapokea.

"Toka nje," nikamwambia. "Tazama jua linakozamia."

Nikasikia mlango, kisha mbwa, kisha kimya kirefu. "Naiona, Dada." Halafu akauliza nilichojua atauliza: "Ndiyo ile ya Baba?"

"Hapana. Ya Baba ilivunjika. Ilivunjika siku zile zile alipokuwa akiitazama. Nilijua siku nyingi na sikumwambia."

Alikaa kimya tena. "Vipande viko wapi?"

"Bado vinapanda. Vinaondoka kwenye jua hadi leo."

"Na hii?"

Nikamwambia ninachokijua. Watu wengi walikuwa wameandika kwamba itarudi baada ya miaka 80,000. Lakini njia yake iko pembeni kabisa, pale ambapo msukumo mdogo tu, mvuke kidogo, mvuto kidogo wa sayari, unaamua kati ya kurudi na kutorudi, na huenda isirudi kamwe. Sikupunguza neno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi tuitazame." Tukaitazama, yeye Handeni, mimi Endulen, simu masikioni, hatusemi kitu, hadi salio langu likaisha.

Mwaka huu mvulana aliyechunga ndama mwaka 1965 ni mzee wa miaka sabini na kitu. Wako wengi bado, Endulen, Kakesio, Nainokanoka, na kwingine kote ambako alfajiri za Oktoba mwaka ule zilikuwa hazina mawingu. Kama yuko mmoja nyumbani kwenu, nenda ukamuulize: alikuwa amesimama wapi, mkia ulikuwa na urefu gani, nani alikuwa kando yake, wazee walisemaje. Mpe muda ajibu. Na yeye akikuuliza kama itarudi, mwambie yote.